Kukata rufaa ya hukumu ya mauaji, kuanzia Milimani

Kesi ya mauaji nchini Kenya husikizwa na Mahakama Kuu, kama ile ya Milimani jijini Nairobi, kwa hiyo rufaa huenda Mahakama ya Rufaa, mbele ya majaji watatu. Mashahidi hawaitwi tena. Majaji husoma karatasi na kuupima ushahidi upya, wakikumbuka kwamba hawakuwaona mashahidi wakisema.

Hatua ya 1: notisi, ndani ya siku 14

Ni karatasi fupi: namba ya kesi, tarehe ya hukumu, na unachopinga. Andika "hatia na adhabu". Ukitaja adhabu peke yake, umejifungia mlango wa hatia. Notisi hupelekwa kwa msajili wa Mahakama Kuu iliyotoa hukumu, si kwa Mahakama ya Rufaa. Aliye Kamiti au Lang'ata humkabidhi mkuu wa gereza. Familia nyingi hupoteza siku hizi zikichangisha ada ya wakili, ilhali notisi haihitaji wakili.

Ukichelewa, jaji mmoja anaweza kuongeza muda chini ya kanuni ya 4 ya Kanuni za Mahakama ya Rufaa. Atauliza ulichelewa kiasi gani, kwa nini, kama rufaa ina uzito, na kama upande wa pili utaumia. Eleza kipindi chote cha kuchelewa. "Sikujua sheria" ni jibu dhaifu.

Hatua ya 2: rekodi

Msajili huandaa mashtaka, mwenendo wa kesi, vielelezo na hukumu. Ikifika, ikague ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuandika chochote. Tafuta ripoti ya upasuaji wa maiti, mchoro wa eneo la tukio na maswali ambayo wakili wa utetezi aliwauliza mashahidi. Kilichokosekana kidai kwa barua, maana hoja isiyo na ukurasa wa kuishikilia haitasimama.

Hatua ya 3: sababu za rufaa

Huwasilishwa ndani ya siku 14 baada ya kupokea rekodi, kwa namba, bila hadithi wala mabishano. Sababu ya "jaji alikosea kisheria na kiukweli", ikiishia hapo, haisemi lolote. Taja kosa lenyewe.

Anza na nguzo tatu: kifo na chanzo chake, kitendo haramu cha mshtakiwa kilichokisababisha, na kusudio, lililofafanuliwa katika kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu. Ikianguka ya tatu pekee, hatia inaweza kushushwa hadi kuua bila kukusudia, na hilo nalo ni ushindi.

Kama mshtakiwa alitambuliwa usiku na shahidi mmoja, hapo pana rutuba. Mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, umbali ulikuwa hatua ngapi, na alitazamwa kwa muda gani? Halafu linganisha na maelezo ya kwanza kwa polisi: kama shahidi alimfahamu, mbona hakumtaja? Ushahidi wa mazingira, yaani usiotoka kwa aliyeona tendo lenyewe, nao lazima ufunge kila maelezo mengine yanayoingia akilini. Ungamo kituoni halifai kama lilichukuliwa na mpelelezi wa kesi au afisa aliye chini ya cheo cha Inspekta. Na jaji akibadilishwa katikati, angalia kama mshtakiwa aliambiwa kwamba anaweza kudai mashahidi waitwe tena, chini ya kifungu cha 200 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Tofauti ndogo za saa au rangi ya shati ziache. Huzizamisha hoja nzito.

Hatua ya 4: adhabu

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu wa 2017, kifo si adhabu ya lazima kwa mauaji. Angalia kama utetezi wa kupunguziwa adhabu ulizingatiwa, na kama muda wa rumande ulihesabiwa chini ya kifungu cha 333(2) cha sheria hiyo ya mwenendo wa makosa ya jinai.

Hatua ya 5: baada ya uamuzi

Kesi inaweza kuamriwa irudiwe iwapo ile ya kwanza iliendeshwa vibaya, ila si kwa ajili ya kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake. Ukishindwa, Mahakama ya Juu hupokea tu suala la tafsiri au matumizi ya Katiba, au lililoidhinishwa kuwa na umuhimu mkubwa kwa umma. Ushahidi mpya na mzito ukijitokeza baadaye, ombi chini ya ibara ya 50(6) ya Katiba hurudi Mahakama Kuu.