Kuandika hati ya uhamisho pale muuzaji ni mdhamini wa mufilisi

Hapa Kenya, mtu akishatangazwa mufilisi na mdhamini, yaani msimamizi wa mali ya mufilisi, akateuliwa, ardhi ya mufilisi huwa mikononi mwa mdhamini kwa faida ya wadai. Kwa hiyo rasimu ikinijia na jina la mufilisi kama muuzaji, nairudisha papo hapo.

Kabla ya kuandika, omba serchi, yaani taarifa rasmi ya yaliyomo kwenye rejista ya ardhi. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 humruhusu mdhamini kusajiliwa akipeleka nakala ya amri ya mahakama iliyothibitishwa. Rejista humtaja kuwa “mdhamini wa mali ya fulani, mufilisi”. Nakili maneno hayo neno kwa neno. Jina lake likisimama peke yake, atakayesoma hati hii miaka 20 ijayo atadhani aliuza shamba lake mwenyewe.

Utangulizi ndio roho ya hati, nami sikubali ufupishwe. Taja mahakama, nambari ya kesi, tarehe ya amri ya ufilisi, tarehe ya kuteuliwa mdhamini, kisha kusajiliwa kwake, kwa mfuatano huo. Hati zetu huandikwa kwa Kiingereza, lakini maana ya kifungu cha kuhamisha iwe hivi:

“Mimi, nikiwa mdhamini wa mali ya fulani, mufilisi, kwa malipo ya shilingi kadhaa ambazo nimezipokea, namhamishia mnunuzi haki zote nilizo nazo kwa wadhifa huo katika ardhi iliyotajwa.”

Hayo maneno “kwa wadhifa huo” yanabeba mzigo mkubwa. Mdhamini hakuishi pale. Hajui mpaka ulihamishwa lini wala nani aliahidiwa njia. Usimwapishe kama mmiliki wa kawaida. Atamke tu kwamba yeye mwenyewe hajaiwekea ardhi mzigo wowote, kama rehani, kisha ongeza kwamba dai litokanalo na hati hii halitafuata mali yake binafsi. Mnunuzi naye aelezwe hilo kabla ya kutia sahihi. Ni haki yake.

Rehani ya benki haifutiki kwa sababu ya ufilisi: ama ilipwe na kuondolewa, ama itajwe. Kama mufilisi alimiliki pamoja na mkewe, mdhamini anahamisha fungu la mufilisi tu. Fungu la mama huyo linahitaji sahihi yake.

Shamba la kilimo lipate kwanza idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini, 2 mashambani.