Kuzungumzia Baiskeli katika Mtihani wa Kuongea Kiingereza: Maelekezo kwa Mtahiniwa wa Tabora

Mtahiniwa wa Tabora anayeulizwa habari za baiskeli katika sehemu ya kuongea ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, amepewa swali analolimudu kuliko wenzake wengi, na bado wengi hulipoteza. Hulipoteza kwa sababu huiacha baiskeli waliyokua nayo, ile Phoenix nyeusi yenye keria ya chuma inayobeba gunia la mkaa au madumu ya asali, wakaanza kuisifu baiskeli ya mtu mwingine, yenye njia yake maalumu kando ya barabara na mwendeshaji aliyevaa kofia ngumu, kama walivyoisoma katika majibu ya kukariri. Nimefundisha masomo ya jioni hapa mjini kwa miaka kadhaa, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kulimalizia mwenyewe. Mtahini naye hulitambua upesi.

Mtihani wenyewe huchukua dakika 11 hadi 14 na una sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza, ya dakika 4 hadi 5, utaulizwa maswali mafupi kuhusu maisha yako. Katika ya pili utapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa pamoja na karatasi na penseli, kisha utazungumza peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Sehemu ya tatu ni majadiliano ya dakika 4 hadi 5. Vigezo ni vinne na vina uzito sawa: ufasaha na mtiririko, upana wa msamiati, sarufi, na matamshi. Maoni yako hayapewi alama yoyote, wala hakuna atakayechunguza kama kweli unamiliki baiskeli.

Habari njema ni kwamba msamiati mwingi unao tayari, kwa kuwa mafundi wetu waliuchukua kwa Waingereza zamani. Breki, pedeli, cheni, tyubu, pampu, rimu, spoku na pancha ni maneno ya Kiingereza yaliyovaa kanzu, nawe ukiondoa irabu ya mwisho na kuyatamka kwa kifupi yanarudi kwao: “brake”, “pedal”, “chain”, “tube”, “pump”, “rim”, “spoke”, “puncture”. Hata lifti unayoomba kwa mwenye baiskeli ni yao, ndiyo maana unaweza kusema bila hofu “I gave my sister a lift on the carrier”. Jihadhari na usukani tu. Sisi tunatumia neno moja kwa gari, meli na baiskeli, lakini usukani wa baiskeli kwa Kiingereza ni “handlebars”, na anayesema “steering wheel” amemfanya mtahini aione baiskeli yenye usukani wa lori.

Makosa mazito zaidi yako kwenye vitenzi. Kiswahili kinaendesha kila kitu, gari na baiskeli na hata mkutano, ilhali Mwingereza hutumia “drive” kwa gari na “ride” kwa baiskeli na pikipiki. Tena sisi tunapanda baiskeli kama tunavyopanda mlima, lakini “I climbed my bicycle” haikubaliki, badala yake sema “I got on my bicycle”. Anayekwenda kwa baiskeli husema “by bike”, ila anayekwenda kwa miguu husema “on foot”, wala si “by foot”, ingawa kwetu ni “kwa” ileile. Na ukitaka kusema kwamba una baiskeli hii kwa miaka sita sasa, usiseme “I have it for six years”, bali “I have had it for six years”. Sentensi hii moja, ikisemwa sawasawa, inamwonyesha mtahini kwamba sarufi yako haiishii kwenye nyakati rahisi.

Neno “bike” lenyewe lina mtego, kwa kuwa Mwingereza hulitumia kwa baiskeli na kwa pikipiki pia. Ukichagua kuzungumzia bodaboda, taja tangu mwanzo kwamba ni “motorbike”, usije ukajaza petroli katika chombo ambacho msikilizaji anakiona kina pedeli. Katika matamshi, mkazo wa “bicycle” uko mwanzoni na silabi ya kati ni “si”, si “sai”, na “bike” huishia kwenye “k” bila “i” ya kusindikiza. Wale ambao ulimi wao wa nyumbani unabadilishana “r” na “l” wajizoeze “ride” na “road” kwa sauti kila siku, maana maneno hayo mawili hayaepukiki katika mada hii.

Sehemu ya pili ndiyo inayostahili kuandaliwa zaidi, na dawa yake ni kuchagua tukio moja dogo na kulitazama kwa karibu. Kijana mmoja niliyemfundisha alipewa zoezi la kueleza kitu kilichoharibika kikatengenezwa, akawa anahangaika na kompyuta asiyoijua, mpaka nilipomwomba anieleze pancha yake ya asubuhi ile. Akasimulia jinsi fundi aliye chini ya mwembe alivyoitoa tyubu kwa vijiko viwili vilivyonyooshwa, akaijaza upepo, akaizamisha kidogo kidogo katika beseni la maji hadi mapovu yakatokea, akapasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza, kisha akabandika kiraka. Kila hatua ilimdai kitenzi cha wakati uliopita, na kila kitenzi kilimvutia kingine, kwa hiyo dakika mbili zilikwisha kabla hajamlipa fundi. Katika dakika yako ya maandalizi, basi, usiandike sentensi. Andika vitenzi vitano au sita tu kwa mpangilio wa tukio. Kama huna pancha ya kusimulia, unayo siku uliyojifunza kuendesha baiskeli ya baba kwa kupitisha mguu katikati ya fremu kwa kuwa kiti hukukifikia: “I rode it with one leg through the frame, because I could not reach the seat.”

Kuhusu sehemu ya tatu sina mengi. Maswali huwa ya jumla, kwa mfano kwa nini watu wa mijini wanaacha baiskeli au serikali ifanye nini, na hapo unaweza kuitaja Uholanzi, yenye baiskeli nyingi kuliko watu, mradi uilinganishe na barabara unayoijua, ambako mwenye baiskeli, mwenye toroli na bodaboda hugombea ukingo uleule wa lami. Linganisha kwa “whereas” na “compared with”, kisha toa sababu.

Jirekodi kwa simu jioni tatu mfululizo, dakika mbili kila mara, tukio lilelile bila kusoma popote. Siku ya mtihani mtahini akikukatiza dakika hizo zikifika, hata kama tairi bado haijarudishwa kwenye rimu, nyamaza bila wasiwasi. Saa yake ndiyo imefika, na aliyoyasikia yanamtosha kukupima.