Ukitafuta ramani za serikali, omba linki badala ya faili

Wazee mnaofanya kazi na ramani hapa Uganda, acheni kutumiana shepufaili (faili za data za ramani) kwa WhatsApp. Leo unapewa mipaka ya wilaya kumbe ni ya kabla ya 2020, wilaya ya Terego bado imo ndani ya Arua, na wewe ushachapisha ripoti. Ofisi ikiwa imeweka data yake mtandaoni kama sevisi, omba ile linki tu, uibandike kwa QGIS (programu ya ramani), wakibadilisha huko kwao na wewe ukifungua unaona mpya.

Ila uliza kwanza ni WMS ama WFS (aina mbili za sevisi hizo), maana WMS inakupa picha tu, huwezi kupiga hesabu ya eneo wala kuchambua, WFS ndo inakuletea mistari yenyewe na majina yake.

Halafu kuna hii iliyonila siku nzima: nilifungua leya (tabaka la ramani) ya vituo vya afya vya Kampala ikatua jangwani Aljeria, nikadhani data ni mbovu, kumbe latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi tu (Kampala ni latitudo 0.3 na longitudo 32.6, zigeuze halafu we hebu angalia ramani). Ukikutana nayo rudi kwenye mipangilio ya koneksheni, kuna kisanduku cha kugeuza mhimili (yaani mpangilio wa latitudo na longitudo), kiguse, ufungue tena.

Na kama vitu vimesogea kama mita 300 hivi, hiyo ni Arc 1960 (mfumo wa zamani wa kupimia mahali) inasomwa kama WGS 84 (mfumo wa GPS), kwa Kampala weka leya kwenye EPSG:21096 (namba ya mfumo huo wa Arc 1960) uone zinavyokaa.