Kukatiza na kuruka ndani ya kitanzi cha Python

Kitanzi cha for, yaani amri inayorudia kazi kwa kila kitu kwenye orodha, hakisumbui kama kazi yake ni kupita orodha mwanzo hadi mwisho. Shida huanza unapotaka kikatike katikati, au kiruke kitu kimoja kisha kiendelee. Chukua makanga wa gari la Kawangware anayekusanya nauli ya shilingi 80. Mtoto aliyepakatwa halipi, kwa hiyo ameandikwa 0. Akipatikana mtu aliyelipa pungufu, hesabu inasimama hapo hapo.

```
malipo = [80, 80, 0, 80, 50, 80]
jumla = 0
for pesa in malipo:
    if pesa == 0:
        continue
    if pesa < 80:
        print("Kuna aliyelipa pungufu")
        break
    jumla += pesa
else:
    print("Gari liondoke")
print(jumla)
```

Ukiiendesha utapata "Kuna aliyelipa pungufu", kisha 240. Kwenye ile 0, continue ilirudi juu kumchukua abiria anayefuata bila kugusa mstari wa jumla. Kwenye 50, break ilitoka nje kabisa, ndiyo maana 80 ya mwisho haikuhesabiwa. Mpangilio wa masharti nao una uzito: ukitanguliza pesa < 80, mtoto ndiye atakayesimamisha gari, kwa sababu 0 pia iko chini ya 80.

Angalia ile else: imelingana na for, si na if. Hutekelezwa kitanzi kikiisha bila kukutana na break. Isome kama "hapakuvunjwa". Badilisha 50 iwe 80 na utaona "Gari liondoke" na 400. Lakini orodha ikiwa tupu, else hutekelezwa vilevile, na gari litaondoka bila abiria hata mmoja, jambo ambalo hakuna makanga wa Nairobi angekubali. Pima urefu wa orodha kwanza.

Kosa linalogandisha kompyuta zaidi ni hili la while, kitanzi kinachorudia mradi sharti lake ni kweli:

```
i = 0
while i < len(malipo):
    if malipo[i] == 0:
        continue
    jumla += malipo[i]
    i += 1
```

Mtoto yuko nafasi ya 2, kwani Python huhesabu kuanzia 0. Ikifika hapo, continue inarudi juu kabla i haijaongezwa, i inabaki 2, na kitanzi kinamrudia mtoto yuleyule milele. Skrini haionyeshi kosa lolote. Programu imenyamaza tu na feni inavuma. Bonyeza Ctrl na C kuikatiza. Dawa ni kusogeza i mapema, ndani ya while hiyo hiyo:

```
    pesa = malipo[i]
    i += 1
    if pesa == 0:
        continue
    jumla += pesa
```

Ukishuku kitanzi kimekwama, weka print(i) kama mstari wa kwanza ndani yake. Namba ileile ikijirudia, umempata mwizi.

Ukiwa na kitanzi ndani ya kitanzi, tuseme magari ya steji nzima na abiria wa kila gari, break hutoka kwenye kile cha ndani pekee. Cha nje kinaendelea na gari linalofuata. Java, lugha nyingine ya programu, ina break yenye lebo ya kutoka vyote kwa pamoja. Python haina: pendekezo la kuiongeza lilikataliwa mwaka 2007. Weka vitanzi vyote viwili ndani ya funkisheni na utumie return, inayotoka kwenye funkisheni nzima. Kuna wanaotumia kigeu cha True na False kukaguliwa kila ngazi, lakini kukisahau mahali pamoja ni rahisi mno.

Mwisho, usifute vitu kwenye orodha unayoipitia. Ukiwa na [80, 0, 0, 50] na uite malipo.remove(0) kila ukikuta 0, unabaki na [80, 0, 50]: ukifuta 0 ya kwanza, ya pili inasogea kwenye nafasi iliyokwisha kupitwa. Tengeneza orodha mpya:

```
malipo = [p for p in malipo if p != 0]
```