Mtihani wa mazungumzo kwa mwanafunzi mwenye usonji

Katika mtihani wa kuzungumza lugha, mwanafunzi mwenye usonji (autism) anaweza kuujua msamiati wote na bado akatoka na alama chache. Mara nyingi kinachomwangusha ni kanuni za mtihani ambazo kila mtu anadhani anazijua.

Kubwa kuliko zote: mtahini hapimi ukweli, anapima lugha. Ukimuuliza mwanafunzi "Jumamosi ulifanya nini?" naye hakufanya lolote, huenda akajibu "Hakuna", na mazungumzo yatafia hapo. Mwambie waziwazi kwamba anaruhusiwa kubuni. Baadhi yao huona huo ni uongo, usibishane nao. Mtungieni pamoja mhusika mwenye jina, ndugu na michezo anayoipenda, kisha ajibu kama mhusika huyo. Mpe na kipimo cha urefu, kwa sababu "eleza zaidi" haimwambii kitu: kila jibu liwe na sentensi tatu, yaani jibu lenyewe, sababu na mfano.

Mtihani ukiwa na maigizo, kama ya dukani au hospitalini, nayo yafafanuliwe kwa maandishi: nani anaanza, mwanafunzi anaigiza nani, igizo linaishia wapi.

Baada ya swali, nyamaza na uhesabu moyoni hadi kumi. Hapa ndipo watahini wema huharibu. Wakiona kimya hulibadilisha swali ili kusaidia, na mtoto aliyekuwa katikati ya kulichambua la kwanza hulazimika kuanza upya. Ukirudia, rudia kwa maneno yaleyale.

Mfundishe sentensi tatu za kujiokoa katika lugha inayotahiniwa: "Tafadhali rudia", "Naomba muda nifikiri", "Sijaelewa neno hilo". Zizoeshwe kila kipindi mpaka zimtoke bila kufikiri, maana wasiwasi ukipanda hata lugha ya nyumbani huweza kupotea.

Majibu ya kukariri yana mtego. Swali likipindishwa kidogo, atamwaga aya nzima isiyohusika. Akariri vipande vifupi, nawe uyachanganye maswali kila mara. Afanye mazoezi na watu watatu tofauti, asije akazoea sauti ya mwalimu wake peke yake.

Wiki moja kabla, mpeleke kwenye chumba chenyewe. Akalie kiti, aione rekoda, asikie feni na taa zinavyovuma. Viti vikae mshazari badala ya kutazamana, na asilazimishwe kumwangalia mtahini machoni.

Maombi ya muda wa ziada, mapumziko ambayo saa husimamishwa, au maswali yaliyoandikwa yapelekwe mapema kwa wasimamizi wa mtihani. Kwa kawaida hudai ushahidi wa kitaalamu, na kwingine pia uthibitisho kwamba msaada huo hutumika darasani. Omba vilevile awe wa kwanza kuingia: kusubiri kwenye foleni huweza kumchosha kuliko mtihani wenyewe.

Akitoka, usimuulize ilikuwaje. Mwachie chumba tulivu, na asipangiwe mtihani mwingine siku hiyo ikiwezekana.