Jinsi ya kusoma alama za mgongano ndani ya jiwe la Mwezi

Kimondo kinapogonga Mwezi, wimbi la mshtuko hubana mwamba ghafla. Shinikizo likiachia, mwamba haurudishi nishati yote uliyopokea. Inayobaki hugeuka joto, na ndilo linaloyeyusha.

Chonga kipande hadi unene wa milimita 0.03, kisha anza na plajioklezi, madini meupe ya jamii ya feldispa. Kwartzi, madini yanayotegemewa kwenye kreta (mashimo ya mgongano) za Duniani, ni haba mno Mwezini.

Weka vichujio vya polaraizi vya hadubini katika hali ya kupishana, uzungushe jukwaa polepole. Chembe ikizimika (ikiingia giza) yote kwa pamoja, shinikizo halikufika gigapaskali 5 hivi (gigapaskali moja ni kama mara 10,000 ya shinikizo la hewa). Giza likitambaa kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa zaidi ya nyuzi 2, fuwele imepinda. Ikibaki nyeusi mzunguko mzima, huku umbo na kingo zake zikiwa vilevile, hiyo ni maskelinaiti: plajioklezi iliyopoteza mpangilio wa fuwele bila kutiririka. Kwa plajioklezi ya Mwezi, yenye kalisi nyingi, hali hiyo huanza kwenye gigapaskali 20 na kitu. Kuanzia 45 hivi utaona viputo na michirizi ya mtiririko. Kupita 60, mwamba mzima huyeyuka.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tundu lililojaa epoksi, yaani gundi ya kuandalia kipande, nalo ni jeusi, na madini ya spineli pia. Hata plajioklezi nzima, ukiitazama sambamba na mhimili wake wa mwanga (uelekeo ambao mwanga haugawanyiki ndani ya fuwele), hukaribia kuwa nyeusi. Weka kondensa na lenzi ya Bertrand, lenzi za ziada za hadubini: fuwele hutoa umbo la mwingiliano wa mwanga, kioo kama maskelinaiti hakitoi. Ukiwa na kifaa cha Raman, kinachopima mwanga wa leza unaotawanywa na madini, fuwele huonyesha vilele vikali karibu na 485 na 505 kwa sentimita. Kioo hutoa vilima vipana tu.

Usitumie viwango hivi kwa udongo wa Mwezi. Matundu yake hufungwa kwa nguvu na kuzalisha joto jingi, hivyo huyeyuka kwa shinikizo dogo zaidi. Tahadhari pia na jiwe lililokaa ndani ya vifusi vya moto: maskelinaiti hurudi kuwa fuwele ndogondogo, ukakadiria shinikizo chini ya lile halisi. Linganisha na olivini, madini ya kijani, ya jirani. Ikiwa imevunjika kimozaiki, yaani vipande vyake vidogo vinaingia giza kwa nyakati tofauti, amini olivini.

Mwisho, tenganisha kuyeyuka kwa mgongano na kwa volkano. Kioo cha rangi ya chungwa cha Apollo 17, sampuli 74220, ni cha volkano: kemia yake inalingana chembe kwa chembe. Kioo cha mgongano mara nyingi hubeba vipande vya mawe visivyoyeyuka, michirizi ya kemia tofauti, na nikeli na iridiamu kutoka kwenye kimondo chenyewe.