Jinsi ya Kuandaa Maonyesho ya Sanaa ya Kisasa katika Ukumbi wa Maktaba ya Umma

Anayeingia jumba la sanaa amekwenda kutazama sanaa, lakini anayeingia maktaba ya umma mara nyingi amefuata gazeti la siku, meza ya kujisomea kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, au pengine upepo wa feni tu wakati wa jua kali. Maonyesho yanayofanyika ukumbini mwa maktaba hukutana na mtu huyu wa pili kwa wingi zaidi, na karibu kila uamuzi unaoelezwa hapa, kuanzia mahali pa kupiga msumari hadi maneno ya kwenye kibandiko, unapaswa kupimwa kwake. Waandaaji wanaomsahau hupata ukumbi uliofurika siku ya ufunguzi na mtupu wiki zote zinazofuata, ilhali wasomaji wanapita mlangoni kutwa.

Kazi huanza kwa kuukagua ukumbi kabla ya kuzungumza na msanii yeyote. Ukague asubuhi, adhuhuri na alasiri, ukiandika ni ukuta upi unapigwa na jua na kwa muda gani. Katika miji iliyo karibu na Ikweta, kama Nairobi na Dar es Salaam, ukaguzi wa siku moja hautoshi, kwa sababu jua huhama: mwezi Juni hupita upande wa kaskazini na mwezi Desemba upande wa kusini. Dirisha linaloelekea kaskazini ambalo Desemba lina kivuli cha kutwa linaweza kuingiza jua kali Juni, kwa hiyo ratiba ya maonyesho iendane na hesabu hiyo, au dirisha liwekwe pazia zito. Vipimo vya mwanga vinavyotumiwa sana na makumbusho (luksi ni kizio cha mwanga unaoangukia kitu) ni luksi 50 kwa kazi za karatasi, rangi za maji, picha za kamera na vitambaa, na luksi 200 hivi kwa rangi za mafuta na akriliki. Programu ya simu ya kupima mwanga hukadiria tu, lakini makadirio hayo yanatosha kumwonyesha mkutubi kwamba ukuta wa karibu na dirisha haufai kwa michoro ya wino. Kazi ya karatasi isikae mwangani zaidi ya miezi mitatu hivi hata pale kipimo kinapofuatwa, kwa kuwa rangi iliyopauka hairudi.

Unyevu nao unastahili uzito uleule, hasa katika maktaba za pwani. Wakati wa masika ukungu huota kwanza nyuma ya fremu, pasipoonekana. Bandika vipande vidogo vya mpira au kizibo kwenye pembe mbili za chini za kila fremu ili pawe na nafasi ya hewa kati yake na ukuta, na usitundike chochote kwenye ukuta wa nje unaovujisha maji, hata kama ndio ukuta mzuri kuliko yote. Kama ukumbi una kiyoyozi kinachozimwa kila jioni, ni afadhali kukiacha kimezimwa moja kwa moja na kufungua madirisha, maana kupanda na kushuka kwa unyevu kila siku huilegeza na kuikaza turubai, yaani kitambaa kilichochorwa picha, mpaka rangi ipasuke.

Jambo la mwisho katika ukaguzi ni ukuta wenyewe. Majengo ya kihistoria, kama Maktaba ya McMillan ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1931, hayatobolewi ovyo, na hata katika majengo mapya ni busara kufunga reli ya chuma karibu na dari mara moja tu, kisha picha zote za miaka ijayo zining'inie kwa waya kutoka kwenye reli hiyo. Gharama ya reli hurudi haraka ukilinganisha na kuziba matundu na kupaka rangi upya kila baada ya maonyesho.

Uteuzi wa kazi uongozwe na vigezo vilivyoandikwa na kuidhinishwa na uongozi wa maktaba kabla ya wito kutolewa kwa wasanii. Maktaba ya umma haichagui wageni wake. Mtoto wa darasa la pili na mzee mstaafu hupita ukumbi uleule, na malalamiko kuhusu picha fulani yatafika tu. Vigezo vilivyoandikwa mapema humpa mkutubi jibu, na humlinda msanii ili kazi yake isishushwe ukutani kwa sababu ya simu moja ya hasira. Vigezo hivyo visiwe kisingizio cha kukubali mandhari na maua pekee. Sanaa ya kisasa huuliza maswali, na maktaba ambayo rafu zake zina vitabu vyenye maswali magumu haina sababu ya kuogopa turubai. Pale ambapo kazi inahitaji tahadhari, iwekwe kwenye ukuta wa ndani wenye tangazo kabla ya kuufikia, ili mtu aamue mwenyewe. Video zenye sauti ziambatane na vipokea sauti vya masikioni, na sanamu iwe na kiweko kizito kisichoyumba mtoto akikiegemea, kwa sababu ataegemea.

Mkataba na msanii hauhitaji kuwa mrefu. Unapaswa kutaja orodha ya kazi na thamani ya kila moja, tarehe za kupokea na kurudisha, nani analipa usafiri, nani anabeba hasara kazi ikiharibika, na kama mauzo yanaruhusiwa. Uliza waziwazi kuhusu bima, kwa kuwa bima ya maktaba huenda inahusu jengo na vitabu tu. Kuhusu hakimiliki, sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zote humwachia msanii haki ya kuizalisha kazi yake hata baada ya kuiuza, hivyo maktaba inayotaka kuweka picha ya mchoro kwenye bango au kalenda iombe ruhusa kwa maandishi. Nchini Tanzania shughuli za sanaa zinasimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na ni vyema kuuliza huko mapema iwapo kibali kinahitajika.

Kazi zinapofika, kila moja ikaguliwe mbele ya msanii, ipigwe picha mbele na nyuma, na mikwaruzo yote iandikwe kwenye fomu itakayosainiwa na pande mbili. Wakutubi wameuzoea utaratibu huu kutokana na kuazimisha vitabu. Michoro ya Tingatinga na mingine ya rangi ya enameli isifungwe kwa plastiki yenye viputo inayogusa rangi, kwani kwenye joto viputo huacha alama za duara zisizofutika. Itangulie karatasi laini isiyo na asidi, kisha plastiki juu yake.

Katika kutundika, kanuni ya kawaida ni kwamba katikati ya kila picha iwe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni. Hesabu yake ni rahisi. Chukua picha yenye kimo cha sentimita 80. Nusu yake ni 40. Vuta waya wa nyuma kwenda juu kama utakavyovutwa na ndoano, kisha pima kutoka hapo hadi ukingo wa juu wa fremu. Tuseme ni sentimita 6. Ndoano itakaa kwenye 150 jumlisha 40 toa 6, yaani sentimita 184. Fanya hivyo kwa kila picha, kwa sababu waya hazifanani, na uhakikishe usawa kwa pimamaji, usitegemee macho, maana dari za majengo ya zamani zenyewe zimepinda. Karibu na sehemu ya watoto shusha kipimo hadi sentimita 120. Kabla ya kugusa ukuta, panga picha zote sakafuni zikiegemea ukutani, uziache hivyo usiku mmoja, na siku ya pili uondoe zile zinazobanana. Karibu kila mara zipo.

Vibandiko viandikwe kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, kwa herufi zinazosomeka kutoka hatua mbili, vikiwa na jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi na vipimo. Maelezo yasizidi maneno 60. Sentensi kama “kazi hii inahoji dhana ya utambulisho” haimsaidii aliyefuata gazeti. Mweleze kwamba msanii alishona magunia ya mkaa kutoka soko fulani na kwamba harufu bado ipo, naye atasogea kunusa.

Faida ambayo jumba la sanaa halina ni rafu. Kwenye meza iliyo mlangoni mwa ukumbi weka vitabu vya kuazima vinavyohusiana na kazi: katika mpangilio wa Dewey, yaani namba ambazo maktaba hutumia kupanga vitabu kwa mada, sanamu ziko 730, uchoraji 750, upigaji picha 770, na historia ya sanaa ya Tanzania 709.678. Usiishie kwenye namba 700 pekee; maonyesho kuhusu uvuvi yanastahili vitabu vya samaki, sheria za bahari na mashairi.

Ufunguzi uwe mfupi, saa za alasiri, wakati wasomaji wapo. Mwombe msanii arudi Jumamosi moja kuzungumza na watoto, jambo lenye tija kuliko hotuba za mgeni rasmi.

Siku ya kushusha, kagua tena kila kazi kwa fomu ileile na usaini upya kabla haijatoka. Vibandiko, orodha ya kazi, picha za ukumbi na daftari la wageni vikusanywe kwenye jalada moja, lipewe namba na kuingizwa kwenye katalogi ya maktaba, ili atakayemtafiti msanii huyo baadaye alikute jalada hilo rafuni.